Dagaa Wasio na Lebo

Tarehe 31 Julai 2014 Zambia ilipewa nafasi ambayo haikuiomba. Ilikuwa nchi ya kwanza duniani kufunguliwa programu ya Internet.org, iliyobuniwa na Facebook na kusambazwa huko kwa ubia na kampuni ya simu ya Airtel. Mwenye laini ya Airtel aliweza kuingia Facebook, kupekua Wikipedia na kutazama hali ya hewa bila kukatwa hata ngwee moja. Waliouzindua mpango walizungumzia elimu, afya na ajira. Wauza vyakula walisikia la kwao: mlaji aliyejulikana tu kwa hesabu ya magunia yaliyotoka ghalani sasa angeandika mwenyewe alichokula, kilichomchefua na alichokikosa dukani.

Ahadi hiyo ni rahisi kuipima Lusaka, penye maduka makubwa na vijana wasioweka simu chini. Kipimo kigumu kipo Nchelenge. Mji huu wa mkoa wa Luapula umekaa kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, umeungana na Kashikishi kiasi kwamba mgeni hajui mmoja umeishia wapi, na ng'ambo ya maji ni Kongo, kwenye miji ya Kilwa na Pweto ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 5,120, na zaidi ya nusu yake ni ya Zambia. Wilaya ina visiwa pia, Isokwe na Kilwa (jina sawa na la mji wa ng'ambo), na chakula kikuu cha wakazi wake ni ugali wa muhogo na samaki. Lakini wananunua vilevile sukari, mafuta ya kula, biskuti, soda na viungo vya mchuzi, vitu vyenye chapa na matangazo. Je, wenye chapa hizo wanawasikia?

Kazi ya kumchunguza mlaji haikuanza na simu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ya Waswahili kuelekea bara ilibeba vitambaa na shanga, na kiongozi wa msafara aliyekosea rangi ya shanga alifika na mzigo usio na thamani, maana kila eneo lilikuwa na rangi yake ya msimu. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake Domesticating the World cha mwaka 2008, ameeleza jinsi ladha za wanunuzi wa Afrika Mashariki zilivyovilazimisha viwanda vya mbali, kuanzia Massachusetts hadi Bombay, kubadilisha vilichotengeneza. Wafanyabiashara hao wa pwani walifika hadi huku: David Livingstone alipoliona Mweru Novemba 1867, alikuwa safarini pamoja nao. Ripoti za soko zilisafiri kwa miguu, miezi kadhaa kwenda na miezi kadhaa kurudi, na aliyezipuuza alifilisika.

Leo miezi imekuwa sekunde. Mwaka 2010 kampuni ya kinywaji cha Gatorade ilifungua mjini Chicago chumba chenye skrini ukutani, ambamo wafanyakazi walitazama kutwa nzima watu wanasema nini mtandaoni kuhusu kinywaji chao, wapinzani wao na michezo. Kampuni nyingi za chakula zikaiga. Wanaofanya kazi hiyo hawatafuti sifa, ingawa bosi hupenda kusomewa sifa. Wanatafuta vitu vidogo: chakula kinaliwa saa ngapi, kinaliwa na nini, kimechukua nafasi ya nini, na kinalalamikiwa kwa maneno gani. Ikiwa picha nyingi za tambi za pakiti zinawekwa saa nne usiku zikiwa na yai juu yake, tangazo la familia iliyokaa mezani mchana ni pesa iliyotupwa.

Mfano unaopendwa sana na walimu wa masoko ni wa Mei 2019. Mwanamuziki Chance the Rapper aliandika Twitter kwamba anatamani vipande vya kuku vyenye pilipili vya mgahawa wa Wendy's virudi. Kampuni ikajibu kwamba wakijitokeza watu milioni 2 kuupenda ujumbe huo wa kampuni, vitarudi. Walijitokeza kabla ya siku mbili kuisha, na Agosti mwaka huo vikarudi. Mwenye shaka atauliza kama kampuni haikuwa imeshaamua tangu awali, na shaka hiyo ni ya haki: watu walihesabiwa hadharani, lakini uamuzi ulifanyika ndani. Hata hivyo kilichopatikana ni zaidi ya kelele. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa viazi vya kukaanga vya Lay's nchini Marekani mwaka 2012, pale walaji walipoombwa kupendekeza ladha mpya na mshindi akaahidiwa dola milioni 1. Kila pendekezo lilikuwa jibu la dodoso ambalo kampuni ingelilipia pesa nyingi kulikusanya nyumba kwa nyumba.

Sasa turudi ziwani, maana kinachouzwa kwa wingi zaidi hapa hakina chapa kabisa.

Mweru ina dagaa wake, chisense, samaki mdogo wa jamii ya sadini anayevuliwa usiku kwa taa. Zamani ziwa hili na mto Luapula vilisifika kwa mpumbu, samaki mkubwa aliyelisha migodi ya shaba hadi wingi wake ulipoporomoka mwishoni mwa miaka ya 1940. Samaki wakubwa walivyoendelea kupungua, tangu miaka ya 1980 chisense wakawa tegemeo la kaya nyingi. Huanikwa juani, mara nyingi juu ya mchanga wa ufukwe, huuzwa kwa meda, ambayo ni kopo la kupimia, kisha hushindiliwa kwenye magunia na kupakiwa kwenye malori na mabasi kwenda Kitwe, Ndola na hata Lubumbashi. Daraja la Chembe, lililofunguliwa mwaka 2008 na kuchukua nafasi ya kivuko, limewapunguzia wachuuzi usumbufu wa njia inayokatiza kipande cha Kongo kuelekea mkoa wa Copperbelt.

Magunia hayo hayana lebo, hayana wimbo wa redio, hayana msanii anayelipwa kutabasamu. Yana sifa tu, na sifa hizo hutembea mdomoni. Wana mchanga au hawana? Wamekauka kwa jua moja au walinyeshewa wakaanikwa tena? Wanang'aa au wamefubaa? Mchanga ndio lalamiko kuu la mlaji wa dagaa popote alipo, iwe Kitwe au Mwanza, na dawa yake inajulikana: kuanika kwenye vichanja vilivyoinuliwa. Mchuuzi mwenye simu ya kisasa hupiga picha ya mzigo akaituma WhatsApp kwa wateja wake wa mjini, nao hujibu kwa bei au kwa kejeli. Hakuna idara ya masoko hapo, lakini mzunguko umekamilika: bidhaa, picha, maoni, marekebisho, bei.

Faida ya mzunguko kama huo imewahi kupimwa, ingawa mbali na hapa. Mchumi Robert Jensen alichapisha mwaka 2007 utafiti kuhusu wavuvi wa sadini wa Kerala, India, waliopata mtandao wa simu kati ya 1997 na 2001. Kabla ya simu, mashua zilifika soko lililojaa huku soko la jirani likiwa tupu, na asilimia 5 hadi 8 ya samaki wa siku ilitupwa. Baada ya simu, kutupa kulikoma karibu kabisa, faida ya wavuvi ikapanda kwa takriban asilimia 8 na bei kwa mlaji ikashuka kwa takriban asilimia 4. Simu zile zilikuwa za kupiga na kupokea tu. Walichohitaji ni kujua nani anataka samaki, wapi, leo.

Kampuni kubwa inayotaka kuijua Nchelenge kwa njia ya skrini hukutana kwanza na ukimya. Chombo chake cha kuchambua mitandao huona yale tu yaliyowekwa hadharani, na mazungumzo ya maana hapa yapo WhatsApp, ambako tangu Aprili 2016 ujumbe umefungwa kwa siri kati ya anayetuma na anayepokea. Simu moja inaweza kutumiwa na mume, mke na mtoto wa shule, halafu mashine ikawahesabu kuwa mlaji mmoja mwenye ladha za ajabu. Bando likiisha katikati ya wiki, maoni nayo yanaisha, ingawa watu wanaendelea kula. Tena kuna jambo ambalo hata simu nzuri haiwezi kulisema: sehemu nyingi za Zambia maskini hununua unga au sukari kwa kifuko kidogo kiitwacho pamela, kilichofungwa na mwenye kantemba, yaani kiduka cha mtaani, kutoka kwenye mfuko mkubwa. Mfuko wenye nembo unabaki dukani. Mlaji anaijua ladha ya unga bila kuijua chapa yake, na siku akiusifu au akiulaani mtandaoni, jina la kampuni halitatajwa.

Wenye majukwaa nao wana hesabu zao. Mwaka 2017 mchambuzi Brian Wieser wa Pivotal Research aligundua kwamba Facebook iliwaambia watangazaji inaweza kuwafikia Wamarekani milioni 41 wa umri wa miaka 18 hadi 24, wakati takwimu za sensa zilionyesha kuwa wote waliopo ni kama milioni 31. Ikiwa hesabu inaweza kupishana kiasi hicho katika nchi yenye sensa nzuri, meneja wa biskuti anayesoma makadirio ya wilaya ya mpakani, ambako laini za simu za nchi mbili hukutana juu ya maji, anapaswa kuyasoma kwa penseli mkononi.

Ukame wa 2024 ulionyesha hatari ya kusikia taifa ukadhani umesikia kila mtu. Tarehe 29 Februari Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa; wilaya 84 kati ya 116 zilikuwa zimeathirika. Bei ya unga wa mahindi ikawa gumzo la nchi nzima, kwa sababu wanaoandika zaidi ni watu wa mijini, na mijini ugali ni wa mahindi. Luapula ipo katika ukanda wa kaskazini wenye mvua nyingi, na sufuria yake inategemea muhogo. Haina maana kwamba huko hakukuwa na shida. Maana yake ni kwamba shida ilikuwa na sura nyingine, na tangazo lililotungwa kwa kusoma hasira za Lusaka lingefika Mweru likiwa limevaa nguo isiyo yake.

Somo kubwa zaidi ambalo mitandao imewapa wauza chakula wa Zambia halikuletwa na kampuni yoyote. Mei 2016 picha za kutisha zilisambaa Facebook na WhatsApp: viungo vya binadamu vikiwa vimepangwa kama kwenye bucha. Maelezo yaliyoambatana nazo yalidai kwamba kampuni za China zinasindika nyama ya watu na kuiuza Afrika ndani ya makopo ya nyama ya ng'ombe. Uvumi ulivuka mipaka kwa kasi. Balozi wa China mjini Lusaka, Yang Youming, alilazimika kutoa tamko kali la kukanusha, na naibu waziri wa ulinzi wa Zambia, Christopher Mulenga, akaonyesha masikitiko ya serikali na kuahidi kwamba jambo litachunguzwa.

Picha zilitoka wapi? London. Mwaka 2012 kampuni ya michezo ya kompyuta Capcom, ikitangaza toleo la Resident Evil 6, ilifungua katika soko la nyama la Smithfield bucha ya maigizo, iliyouza nyama halali ya wanyama iliyochongwa ionekane kama mikono na miguu ya watu. Lilikuwa tangazo, tena lililofanikiwa. Miaka minne baadaye tangazo lilelile, likiwa limevuliwa jina na muktadha, likageuka kuwa ushahidi wa jinai dhidi ya chakula cha makopo katika nchi ambayo wabunifu wake huenda hawakuwahi kuifikiria.

Tukio hilo linastahili kutazamwa kwa muda, kwa sababu linafichua udhaifu wa kuhesabu majina. Mashine iliyowekwa kuhesabu mara ngapi nyama ya kopo imetajwa ingeonyesha mstari unaopanda kama moto wa nyika, na mchambuzi mzembe angeandika kwamba umaarufu umeongezeka. Hata mashine inayotofautisha maneno mazuri na mabaya ingesema tu kwamba watu wamekasirika. Isingesema kwa nini uwongo huu uliaminika. Kwa hilo ilihitajika kukumbuka siasa: tangu uchaguzi wa 2006, mgombea urais Michael Sata alipofanya kampeni dhidi ya wawekezaji wa China, malalamiko kuhusu migodi na maduka yao yalikuwa mazungumzo ya kila siku, na 2016 nao ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Uvumi ulikuta udongo umeshalimwa. Mwenye kantemba yeyote angelieleza hilo bure.

Miaka miwili baadaye ikaja kesi iliyokwenda kinyume chake. Mlaji mmoja nchini Uganda alilalamika kwamba baada ya kunywa Power Natural High Energy Drink SX, kinywaji cha kuongeza nguvu kilichotengenezwa Ndola, alitokwa jasho mfululizo na uume wake ulisimama kwa karibu saa sita. Wadhibiti wa dawa walipima. Desemba 2018 mamlaka ya Zambia ikathibitisha kuwa ndani yake mna sildenafil, dawa inayojulikana zaidi kwa jina la Viagra, na Januari 2019 Halmashauri ya Jiji la Ndola ikaamuru kinywaji kiondolewe madukani. Vichekesho vilifuata mtandaoni kwa wingi, lakini vilikuja mwisho. Maelfu ya watu walisambaza habari ya nyama ya kopo na haikuwa kweli. Mtu mmoja alilalamika kuhusu kinywaji na ilikuwa kweli. Kampuni inayopima uzito wa lalamiko kwa wingi wa walalamikaji ingekosea mara zote mbili.

Kuna wanaosikia baada ya kuchapwa. Mapema Januari 2022 KFC nchini Kenya ilitangaza kwamba imeishiwa viazi vya kukaanga kwa sababu meli zimechelewa, ikawashauri wateja wachukue vyakula vingine, ugali ukiwemo. Wakenya waliuliza swali moja kwa namna mia: inakuwaje kampuni inaagiza viazi ng'ambo katika nchi ambayo viazi ni zao la pili la chakula baada ya mahindi? Wito wa kuisusia ukasambaa Twitter. Kampuni ikajitetea kwa taratibu zake za ubora, kisha ndani ya siku chache ikasema itatafuta wasambazaji wa ndani. Wakulima wa viazi walikuwa wakilalamikia bei na soko miaka mingi. Hawakusikika hadi mlaji wa Nairobi mwenye bando alipokosa chipsi.

Samaki nao wamepitia mahakama hiyo ya mitandaoni. Mwaka 2018 Wakenya walizozana mtandaoni kuhusu samaki waliogandishwa kutoka China waliojaa masoko ya mwambao wa Ziwa Victoria, hadi Rais Uhuru Kenyatta akalizungumzia hadharani Oktoba mwaka huo. Zambia pia huagiza samaki kutoka nje, na hapo ndipo kampuni kama Yalelo, inayofuga perege katika Ziwa Kariba, imepata nafasi yake: ina jina, nembo, maduka na hadithi moja rahisi ya samaki freshi wa nyumbani. Samaki aitwaye pale, perege wa Mweru anayevuliwa na watu wa Nchelenge, ana mashabiki wanaoapa kwamba ladha yake haifanani na ya samaki wa kufugwa, lakini hana mtu wa kulipia tangazo. Akifika Copperbelt anachanganywa na wengine kwenye beseni moja, na jina la ziwa lake linategemea uaminifu wa anayeuza. Kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi unapofungwa kila mwaka, uaminifu huo hupimwa zaidi, kwa kuwa samaki wa popote anaweza kupewa ukoo wa Mweru.

Anayetaka kuwawekea chisense pakiti na lebo anazo taarifa za kutosha za kuanzia, na nyingi haziko kwenye skrini. Ajue kwamba mlaji ataogopa mchanga kabla ya kuogopa bei. Ajue kwamba kipimo kinachoaminika ni meda, hivyo pakiti ya gramu itaonekana kama ujanja hadi ithibitishwe kwa macho. Ajue pia kwamba mwanamke anayeuza kwa meda Kashikishi ana orodha ya wateja na malalamiko yao kichwani mwake, na kumwajiri msimu mmoja ni nafuu kuliko kununua programu ya uchambuzi. Programu hizo zenyewe zimekuwa ghali na finyu: Twitter ilianza kutoza pesa kwa anayechota data zake mwaka 2023, na Meta, mmiliki wa Facebook, ikakifunga CrowdTangle, chombo chake cha kufuatilia machapisho ya hadharani, tarehe 14 Agosti 2024. Kwa upande wa sheria, Zambia ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2021, kwa hiyo orodha ya namba za simu za wateja si mali ya kuokotwa tu.

Lugha ilikuwa ukuta mwingine, na ukuta huo umeanza kutobolewa. Mwaka 2022 watafiti, Claytone Sikasote akiwa miongoni mwao, walitoa mkusanyiko wa sauti za Kibemba zaidi ya saa 24, na mwaka uliofuata ukaja mwingine, BIG-C, wenye zaidi ya saa 180 za mazungumzo kuhusu picha. Google iliongeza Kibemba kwenye huduma yake ya tafsiri mwaka 2024. Mashine itakayosikia Kibemba, hata hivyo, itaanza na kile kinachopatikana kwa wingi, nacho ni Kibemba cha mjini kilichochanganywa na Kiingereza. Maneno ya wavuvi kuhusu upepo, taa na ukaukaji wa dagaa, na Kiswahili cha Kongo kinachoshuka na mitumbwi, vitakuja baadaye, ikiwa kuna atakayelipia kazi ya kuvirekodi.